Waliokosekana Jumamosi

Kitabu ninachotaka kukizungumzia kiliandikwa na padri Mmarekani kuhusu Wamasai wa Loliondo, nami nimekisoma nikiwa Gongo la Mboto, mbali kabisa na huko. Kinaitwa Christianity Rediscovered. Mwandishi ni Vincent Donovan wa Shirika la Roho Mtakatifu, na kilichapishwa mwaka 1978. Niliazimwa nakala na mwenzangu tunayesoma naye shahada ya umahiri ya fasihi, alipojua kwamba tasnifu yangu inahusu kumbukumbu zilizoandikwa na wamisionari. Aliniambia, "Soma hiki. Kinasema Mungu hakai kanisani."

Nimekisoma mara mbili. Ni kweli kinasema hivyo, lakini kinalisema hilo kikiwa njiani kuelekea kwenye jambo jingine, gumu zaidi. Makala hii ni juu ya hilo jambo jingine, na juu ya kwa nini sisi tunaosali kwenye nyua za watu kila Jumamosi tunalihitaji kuliko wale wanaokipenda kitabu hiki kwa ajili ya mandhari yake.

Kwa asiyekijua, kisa chenyewe ni hiki. Mwaka 1966 Donovan alimwandikia askofu wake barua kutoka misheni ya Loliondo. Misheni ilikuwa na shule, hospitali na kanisa. Watoto walisoma, wagonjwa walitibiwa, mapadre walitembelea maboma na kukaribishwa vizuri. Lakini Mmasai mtu mzima aliyekuwa Mkristo kwa kazi ya misheni ile hakuwepo hata mmoja. Donovan aliomba ruhusa ya kuyaacha yale yote, aende kwenye maboma na kuzungumza na watu juu ya Mungu, basi. Hakutaka kuahidi shule wala dawa, wala kujenga chochote. Akaenda. Kila wiki alifika asubuhi na mapema katika boma moja baada ya jingine, akazungumza na waliokuwepo kabla hawajatawanyika na mifugo, na mazungumzo yakaendelea kwa karibu mwaka mzima.

Kuna sehemu mbili za kitabu ambazo kila msomaji huzikumbuka. Ya kwanza ni mzee wa Kimasai aliyemweleza kwamba neno walilokuwa wakilitumia kwa maana ya imani lilikuwa dhaifu, kwa kuwa lilimaanisha kukubali tu. Mtu anayekubali tu, mzee akasema, anafanana na mwindaji wa kizungu anayempiga mnyama risasi kwa mbali: macho na kidole ndivyo vinavyofanya kazi. Imani ya kweli ni kama simba anavyowinda, kwa pua, macho, masikio, miguu na mwili wake wote. Halafu mzee akageuza kibao. Akamwambia padri kwamba wao walidhani wanamtafuta Mungu, kumbe Mungu ndiye aliyekuwa akiwatafuta. Simba ni yeye.

Ya pili ni misa. Donovan anaeleza jinsi misa ilivyoanza pale alipoingia kijijini, bila kengele na bila altare. Majani mabichi, ambayo kwa Wamasai ni alama ya amani, yalipitishwa kutoka mkono hadi mkono, familia hadi familia. Kama kundi moja lilikataa kuyapokea kutoka kwa jingine, misa haikuwepo siku hiyo. Padri alikuwa amefika, mkate ulikuwepo, watu walikuwepo, na bado Ekaristi haikufanyika kwa sababu majirani wawili walikuwa hawajapatana.

Sehemu hizi mbili ndizo zinazonukuliwa kwenye mafungo na semina, na ninaelewa kwa nini. Ni nzuri kuzisoma. Lakini naona zinasomwa kama kadi ya posta: mbuga, moshi, simba, majani, na Mungu aliyetoka nje kuvuta hewa. Msomaji anafunga kitabu akiwa ametulia, akijiambia kwamba Mungu yuko kila mahali, na kwa hiyo si lazima aende mahali popote.

Hali hiyo naiona kwa rika langu. Wapo wenzangu chuoni wanaosema wao ni watu wa kiroho, dini haiwahusu. Wapo wanaofuata ibada kwenye simu wakiwa kitandani. Siwahukumu, simu hizo zilitufaa wengi. Ila Mungu wa kwenye simu hajawahi kunitaka nipokee jani kutoka kwa jirani ambaye hatusalimiani. Ukisema Mungu yuko kila mahali, ni rahisi sana kumweka mahali pale tu pasipokusumbua.

Na kuna jambo ambalo wasomaji hawa hawalitaji. Donovan aliweza kuliacha jengo kwa sababu lilikuwepo. Alilala misheni, akala misheni, na gari lililompeleka bomani lilitokea misheni. Anayesema majengo hayana maana mara nyingi ni yule ambaye usiku ana pa kurudi. Maandiko yenyewe hayana papara hiyo. Sulemani, siku ya kuliweka wakfu hekalu, alikiri katika sala yake kwamba mbingu zenyewe hazimtoshi Mungu, sembuse nyumba aliyoijenga yeye. Alikiri, lakini nyumba alikuwa ameshaijenga, na hakuibomoa.

Huku kwetu suala la jengo lina historia yake. Ukitoka mjini kwa Barabara ya Nyerere unapita uwanja wa ndege, Banana na Ukonga, unafika Gongo la Mboto, na ukiendelea kidogo unapandisha Pugu. Pale Pugu ndipo Wabenediktini kutoka Ujerumani walipofungua misheni mwaka 1888. Januari 1889, wakati wa vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani, misheni ilishambuliwa na kuharibiwa, na baadhi ya wamisionari wakauawa. Sidhani waliovamia walikuwa na ugomvi na Injili ya Luka. Naona walichokiona ni nyumba ya wageni wa taifa lililokuwa likiitwaa pwani yao. Miaka michache baadaye, kati ya 1897 na 1902, Kanisa la Mtakatifu Yosefu lilijengwa mjini, ng'ambo ya bandari, na hadi leo limesimama. Na Pugu hiyohiyo, miaka ya 1950, kwenye shule ya Wakatoliki, alifundisha mwalimu aliyelazimika mwaka 1955 kuchagua kati ya ualimu na TANU. Jengo moja linaweza kuwa ngome ya wageni kwa kizazi kimoja na darasa la Nyerere kwa kizazi kingine. Jengo halina dini yake lenyewe.

Halafu kuna wapangaji. Wengi wetu Gongo la Mboto tunaishi kwenye vyumba vya kupanga. Kodi inalipwa kwa miezi mitatu au sita mbele, na mwenye nyumba akibadili mawazo unatafuta dalali. Kwa mtu kama huyo, kanisa la matofali ambalo alichangia mifuko miwili ya saruji ndilo jengo pekee hapa duniani ambalo anaweza kusema "letu" na asifukuzwe. Nimewaona akina mama wakisimama kando ya msingi wa kanisa ambalo halijafika hata kwenye lenta, wanalitazama kama mtu anavyomtazama mtoto aliyeanza kutembea. Akija msomi kuwaambia kwamba Mungu hahitaji majengo, watamwitikia kwa adabu, kisha watampa bahasha ya ujenzi.

Kwa hiyo sikitetei kitabu cha Donovan kwa kuwa kilitoka nje ya kanisa. Nje sisi tulishatoka. Mwaka 1976 maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, kupitia umoja wao wa AMECEA, waliamua kwamba jumuiya ndogondogo za Kikristo ziwe kipaumbele cha kazi yao. Walitaka Kanisa liwe mahali watu wanapoishi: familia chache za jirani, zinazojuana kwa majina, zinazosoma Neno pamoja na kusaidiana. Walutheri nao wana jumuiya zao mitaani. Leo, Jumamosi asubuhi kabla jua halijakolea, ukipita mitaa ya huku utakuta nyua kadhaa zina viti vya plastiki na mikeka, biblia mapajani, watoto wamefunikwa khanga. Soma la Jumapili linasomwa, watu wawili watatu wanasema limewagusa wapi, zinafuata nia, kisha matangazo na michango, na mwisho chai.

Uzuri wa jumuiya, ambao ninauona kila ninapoulinganisha na makanisa ya kuchagua, ni kwamba huchagui. Kanisani unaweza kukaa mbali na usiyempenda. Unaweza hata kupanda daladala mbili kwenda kwenye kwaya unayoipenda, ukawapita majirani zako wote njiani. Jumuiya ni wale waliokuzunguka tu: fundi aliyekudhulumu, mpangaji mwenza anayepiga muziki usiku, mama unayedaiwa naye. Hapo maneno ya Yesu kuhusu wawili au watatu waliokusanyika kwa jina lake yanapata ukali. Watatu wenyewe hukuwachagua wewe.

Mimi ni katibu wa jumuiya yetu. Nilichaguliwa kwa sababu inayowapa vijana wengi kazi hiyo: naandika haraka na nina mwandiko unaosomeka. Kazi ya katibu ni daftari. Majina yameorodheshwa kushoto, tarehe zimepangwa juu, na kila Jumamosi naweka alama. Daftari hili lina nguvu kuliko linavyoonekana. Ukitaka mtoto abatizwe, ukitaka kufunga ndoa, ukifiwa na ukataka padri, ofisi ya parokia inataka barua ya jumuiya, na barua inatokana na daftari. Utaratibu huu una sababu ya msingi. Katika jiji la watu wanaohamahama, padri mmoja mwenye waumini maelfu hawezi kujua nani ni nani. Anahitaji watu wanaoweza kusema, "Huyu ni wetu, tunamjua." Jumuiya ilipewa kazi ya kumjua mtu, na daftari likaja kuisaidia. Taratibu, daftari likawa ndilo linalojua.

Mwaka jana katika mtaa wetu alifariki mzee aliyekuwa ametoka Kasulu kuja kutibiwa. Alikuwa akiishi kwa binti yake, mama anayeuza vitumbua. Mzee alibatizwa tangu utotoni na kwao alikuwa mtu wa kanisa, lakini hapa hakuwa kwenye daftari la mtu yeyote. Binti yake jina lake lilikuwepo, na mbele ya jina hilo palikuwa peupe miezi mingi. Sababu kila mtu aliijua. Muuza vitumbua huamka saa tisa usiku, na Jumamosi ndiyo siku yake ya biashara. Saa ileile sisi tunaposoma Neno, yeye yuko mbele ya kikaango.

Kumsafirisha marehemu hadi Kasulu kulikuwa na gharama asizoziweza, ikaamuliwa azikwe hapa. Viongozi wa jumuiya wakaketi chini ya mwembe kujadili barua. Nilikuwa na daftari mapajani. Baadhi walisema, na hawakusema kwa roho mbaya, kwamba tukiandika anashiriki tutakuwa tumesema uongo, na kwamba kuna waliojinyima usingizi kila Jumamosi, wao watajisikiaje? Mwenyekiti alikuwa akielekea kukubaliana nao. Ndipo bibi mmoja, mkubwa kuliko wote pale, akauliza swali.

"Wanangu, chai ya Jumamosi tunanywea na nini?"

Pakawa kimya. Tunanywa na vitumbua. Kila Jumamosi, baada ya sala, mtoto wa yule mama huleta beseni lililofunikwa kitambaa, na mara nyingi vinakuwa vingi kuliko tulivyolipia.

"Basi," bibi akasema, "mama huyu hajakosa hata siku moja. Sisi tulikuwa tunasali, yeye anatupikia. Andika, katibu."

Niliandika. Niliandika ukweli: kwamba hahudhurii, kwamba sababu tunaijua, kwamba tunamfahamu na tunamwombea marehemu baba yake huduma zote. Ofisi ya parokia haikuridhika na barua ya namna ile, na padri hakuja. Mzee tulimzika sisi wenyewe. Tulisali, tukaimba, bibi yule akasoma zaburi. Turubai lililotukinga na jua lilitolewa na jirani Mwislamu, ambaye pia ndiye aliyewaongoza vijana kuchimba kaburi.

Sasa turudi kwenye kitabu, maana kina ukurasa ambao semina hazinukuu mara nyingi. Mwaka wa mafundisho ulipokwisha katika boma moja, Donovan alikaa na watu ili aamue nani abatizwe. Alifanya kama ambavyo padri yeyote mwangalifu angefanya. Akaanza kuwapanga. Huyu amekosa vipindi vingi. Huyu hakufanya bidii. Huyu haonyeshi kuelewa. Mzee mmoja, Ndangoya, akamzuia kwa heshima. Akamuuliza kwa nini anataka kuwavunja. Akamweleza kwamba mwaka mzima, yeye alipokuwa ameondoka, wao waliendelea kuzungumza. Wavivu walikuwepo, lakini walisaidiwa na wenye bidii. Wazito wa kuelewa walikuwepo, lakini walisaidiwa na wepesi. Wenye imani ndogo walibebwa na wenye imani kubwa. Yeye, Ndangoya, angeweza kusema kwa niaba ya wote kwamba wamefikia hatua ya kusema wanaamini, wote kwa pamoja.

Donovan akawabatiza wote.

Kwangu mimi hapa ndipo moyo wa kitabu ulipo. Padri aliyekuwa ameacha shule, hospitali na kanisa, aliyekuja mikono mitupu, bado alikuwa amebeba kitu kimoja kutoka misheni bila kujijua: orodha ya mahudhurio. Ilikuwa kichwani mwake. Alikuwa ametoka nje ya jengo lakini jengo lilikuwa bado ndani yake, likigawa watu kati ya wanaostahili na wasiostahili. Aliyelibomoa hilo jengo la ndani ni mzee asiye na cheo chochote kanisani, kwa hoja kwamba katika imani mwenye nguvu huhesabiwa pamoja na aliyembeba.

Bibi yetu wa chini ya mwembe hajawahi kusikia habari za Ndangoya. Kitabu hakipo kwa Kiswahili mikononi mwa watu wa mtaani, na Kiingereza hajui. Lakini hoja yake ni ileile, na naona imeizidi ya mzee kwa hatua moja. Ndangoya alisema wenye bidii waliwasaidia waliokosa. Bibi alisema aliyekosa ndiye aliyetulisha tuliohudhuria. Daftari lilikuwa limegeuza mambo juu chini: kundi lililobebwa kwa vitumbua lilikuwa linakaa kuamua kama aliyelibeba ni mwenzao.

Kwa mtazamo huo, naweza kusema kitabu kinapungua wapi. Donovan anatambua kwamba boma nalo lina kuta zake. Anaeleza kwamba kwa mila wanaume wa Kimasai hawakula pamoja na wanawake, na kwamba kuupokea mkate mmoja na kikombe kimoja kuliwalazimu waivuke mila hiyo. Ni sehemu nzuri na ya kweli. Inaonyesha kwamba kukosa paa peke yake hakumfanyi mtu huru. Lakini wanawake katika kitabu hiki hawasemi sana. Tunawaona wakikubaliwa mezani. Hatuwasikii wakimweleza padri kwamba saa anayokuja asubuhi wao wanakamua ng'ombe, wanachota maji, wanawasha moto. Kati ya waliokosa vipindi vya Donovan, ni wangapi walikosa kwa sababu walikuwa wakihakikisha wengine wamekunywa maziwa? Kitabu hakiulizi. Kama mwandishi wake angeliuliza swali hilo, maneno ya Ndangoya kuhusu wavivu yangepata uzito mwingine, kwa sababu anayeonekana mvivu kwa mwalimu huenda ndiye mwenye kazi nyingi kuliko wote.

Pungufu la pili ni la muda. Misa ya majani inaelezwa na mtu aliyekuja na kuondoka. Donovan aliiacha Tanzania mwaka 1973, na alifariki mwaka 2000. Uzuri wa mwanzo ni rahisi kuuandika. Kinachonishughulisha mimi ni mwaka wa ishirini, jumuiya inapokuwa na mhuri, akaunti ya benki na kikao kuhusu viti. Jumuiya zetu zilianza zikiwa majani yanayopitishwa kutoka mkono hadi mkono. Zilipozeeka, sehemu nyingine zimekuwa dirisha la ofisi lililofunguliwa uani. Sisemi hivyo kwa dharau. Ninasema kwa kuwa ninashika kalamu ya dirisha hilo.

Wapo watakaoniuliza: bila daftari, utajuaje nani ni nani? Watakuwa na haki. Nina kisa kimoja tu cha kuwajibu, na si cha kanisani.

Usiku wa tarehe 16 Februari 2011 mabomu yalilipuka kwenye maghala ya silaha ya kambi ya jeshi hapa Gongo la Mboto. Zaidi ya watu 20 walikufa, na maelfu walikimbia nyumba zao. Wengi walihifadhiwa Uwanja wa Uhuru. Nilikuwa shule ya msingi. Tulikimbia kwa miguu kuelekea Banana, mbingu zikiwa nyekundu nyuma yetu, na kila kuta tulizopita tuliziogopa. Mahali fulani njiani mama mmoja alikuwa amefungua geti lake, akisimama barabarani na ndoo ya maji na kikombe, akiwaita watoto waingie uani. Hakuuliza tunasali wapi. Tulilala kwake, watu kama thelathini, wengine wakivuta uradi, wengine wakisali rozari kwa sauti ya chini, hadi kulipokucha. Mama yangu hadi leo hamjui jina. Akisali, humtaja kama "yule wa ndoo".

Sitaki kukifanya kisa hiki kibebe zaidi ya uwezo wake. Hatuwezi kuishi kila siku kama usiku wa mabomu, na parokia haiwezi kuendeshwa na ndoo. Lakini usiku ule ulinionyesha mpangilio: kwanza geti lilifunguliwa, kujuana kukafuata asubuhi. Sisi tumeweka kujuana kwanza, tena kujuana kwa maandishi, na geti baadaye. Yule mzee wa Loliondo mwenye habari za simba angesema tumesahau nani anamtafuta nani.

Kwa hiyo sipendekezi kuchoma daftari. Ningependekeza lisomwe upande mwingine. Kwa sasa, mwisho wa mwezi, nasoma majina ya waliohudhuria vizuri na watu wanawapigia makofi. Nimemwomba mwenyekiti tujaribu kinyume chake: tusome majina ya waliokosekana, na kwa kila jina tuulizane nani anajua yuko wapi saa hii. Kama hakuna anayejua, huyo ndiye wa kutembelewa jioni. Kama tunajua yuko kazini, lindo, hospitali anakouguza, au mbele ya kikaango, basi niandike hivyo mahali palipokuwa peupe, na alama yake aipate. Mwenyekiti amesema atalipeleka kwenye kikao cha viongozi wa kanda. Wapo watakaolipinga, na baadhi ya hoja zao nimeziandika humu kwa uaminifu niwezavyo.

Mwenzangu aliyeniazima kitabu anataka kukirudishiwa, na bado anasema kinahusu Mungu asiyekaa kanisani. Nitamrudishia nikiwa nimeweka karatasi kwenye ukurasa wa Ndangoya. Nimeandika swali moja tu kwenye karatasi hiyo: katika watu unaosali nao, nani amekosekana, na ni kazi gani anaifanya saa hiyo ili ninyi muweze kusali?